Sisemi wa Huku, Sema wa Ng'ambo

Ndugu waombolezaji, na hasa ninyi mliokuja mbio mkidhani amekufa mtu, familia inawashukuru kwa unga, kuni na maharage, na inawaomba radhi kwa mshtuko. Aliyefariki ni mbwa. Lakini kwa kuwa mmeshafika, chungu kiko jikoni, na nyumba mbili zilizofiwa zimekataa kumfukia kimya kimya, Bibi Gaudiosa ameagiza wasifu wa marehemu usomwe kama ilivyo desturi. Anayeusoma ni mjukuu wake Vitalia, binti wa Mzee Kilian, mwalimu wa shule ya msingi ya hapa kijijini. Katekista Isidori aliulizwa, akajibu kwamba sala hatatoa, ila wasifu si sala, na kwamba yeye mwenyewe atausikiliza akiwa pale kwenye migomba.

Marehemu alizaliwa mwezi Juni 1995 huko Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, wilaya ya Mbinga. Mama yake alikuwa mlinzi wa vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwa hilo. Baba yake hakujulikana, ingawa waliohisiwa walikuwa wengi. Mwezi Agosti mwaka huo huo Mzee Kilian alishuka ziwani kununua usipa, akapewa na mtoto wa mbwa kama nyongeza. Alimweka ndani ya tenga, juu ya usipa wakavu, akamfunika kwa kipande cha kanga, lori likapanda milima. Tenga lilipofunguliwa hapa Litumbandyosi, kitoto kilikuwa kimevimba tumbo na usipa wamepungua kiasi kwamba Mama Hildegardi, mke wa Mzee Kilian, aliuliza kama safari ilikuwa ya kununua mboga au ya kulisha wageni. Tangu siku hiyo marehemu hakuwahi kukataa usipa.

Jina lake lina historia yake, na haiwezi kurukwa. Mwezi Julai mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walifika kijijini kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo kahawa yote ilipitia chama cha msingi cha ushirika, na mwenyekiti wa chama alikuwa Mzee Kilian. Mdogo wake wa tumbo moja, Bernadi, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya kijito, kwenye mteremko unaotazamana na huu, alikuwa wa kwanza kupakia magunia kwenye gari la kampuni. Kwenye mkutano wa chama Mzee Kilian alisimama akasema mbele ya watu wote, "Anayeuza kahawa nje ya chama anaweza kumuuza hata mama yake." Mama mwenyewe, Bibi Gaudiosa, alikuwa amekaa mbele kabisa. Bernadi akainuka.

"Kaka, kuanzia leo usinisemeshe."

"Sisemi," akajibu Mzee Kilian, na kweli hakusema.

Wenyeji mnajua jinsi tunavyowapa mbwa majina. Mbwa hapewi jina kwa ajili yake, hupewa kwa ajili ya jirani. Tunao hapa akina Mtachoka, Yana Mwisho na Mnaniona Hivi Hivi, na kila mmoja ana mtu aliyelengwa. Basi kitoto cha Ngumbo kikaitwa Sisemi. Kila jioni Mzee Kilian alisimama pembeni mwa uwanja wake, uso ukiwa umeelekea ng'ambo, akaita, "Sisemi! Sisemi!" Aliita hata pale mbwa alipokuwa amelala miguuni pake. Alimtangazia mdogo wake kwamba hasemi, kwa sauti iliyosikika vitongoji viwili.

Aliyeumia zaidi ni Bibi Gaudiosa. Wanawe ni hao wawili tu. Kila Krismasi na kila Pasaka alikuwa akiuliza swali moja, bila kumtazama yeyote usoni: "Siku yangu ikifika, hawa watanibebaje jeneza bila kusemezana?" Aliyekuwa akitamka swali hilo hakuwa akitania, alikuwa anaogopa kweli.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule mwaka 1996, kwa kumfuata Mwalimu Vitalia. Alikaa chini ya dirisha la darasa la pili, akisikiliza hesabu kwa utulivu ambao baadhi ya wenye madaftari hawakuwa nao. Wanafunzi walipoitwa majina asubuhi, walimalizia na lake, wote wakajibu kwa pamoja, "Yupo." Hakufika mbali. Alifukuzwa muhula wa pili baada ya kuingia ofisini na kula andazi la mkuu wa shule, huku mkuu wa shule akiwa amelishika.

Baada ya hapo aliajiriwa nyumbani, kazi ya kulinda kahawa kwenye vichanja wakati wa mavuno. Ngedere walimheshimu, na wezi pia. Lakini Mama Hildegardi aliona jambo. Nyumba ingekula maharage wiki nzima, na bado mbwa angerudi jioni akinuka usipa. Ukweli ni kwamba kila alasiri marehemu alikuwa akishuka bondeni, anavuka kijito na kupanda hadi kwa Bernadi, anamlindia na yeye kahawa yake, analipwa usipa na mama wa nyumba ile, Mama Gertruda, kisha anawahi kurudi kabla hajaitwa. Miaka ile kila mtu alikuwa na mradi wa pembeni. Soko huria lilikuwa limemfikia na yeye.

Siri hiyo ilifichuliwa na mvua za El Nino, mwanzoni mwa mwaka 1998. Kijito kilifura, marehemu akakwama ng'ambo. Jioni Mzee Kilian akaita kama kawaida. Badala ya mbwa, ikaja sauti ya mdogo wake kutoka upande wa pili.

"Sema! Tulia hapa hapa, Sema, maji ni mengi."

Mzee Kilian alisimama akilowa mpaka mkewe alipomfuata na gunia la kujifunika.

"Amemwita nani yule?"

"Sema," akajibu Mama Hildegardi. "Kule anaitwa hivyo. Mwaka wa pili huu."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Hukuniuliza."

Mzee Kilian ameruhusu lifuatalo lisomwe. Alisema kwamba kwanza alishikwa na wivu, kwa kuwa mbwa wake alikuwa na kwao kwingine. Halafu akashikwa na kitu kibaya kuliko wivu, akagundua kwamba amemkumbuka sana mdogo wake. Muda wote ule yeye alikuwa akipiga kelele kwamba hasemi, na ng'ambo alikuwa akiombwa aseme, asisikie kwa sababu ya kelele zake mwenyewe. Mtu angetarajia kwamba kesho yake angeshuka bondeni. Hakushuka. Alikuwa ameapa mbele ya watu, na aibu ya kurudi nyuma ilimshinda.

Alichofanya ni hiki. Mwezi Mei maji yalipopungua, alikata miti miwili ya milingoti akailaza juu ya kijito, akapigilia na mbao. "Ni ya mbwa," alimwambia mkewe, ingawa mbwa angetosheka na mlingoti mmoja, na kufikia Juni angevuka bila kulowa magoti. Mwaka uliofuata tuliamka tukakuta daraja limewekwa kishikio cha mkono, kimefungwa vizuri kuanzia upande wa Bernadi. Mama Hildegardi akauliza kama mbwa siku hizi anatembea kwa miguu miwili. Wake wa nyumba zote mbili walilipita daraja hilo kila wiki kwenda kwenye sala za jumuiya. Waume zao hawakulivuka.

Kuhusu ndoa, marehemu hakufunga. Watoto wake hata hivyo wapo, na kila anayewaangalia masikio anajua. Alikuwa baba wa mbali, ila hakuwahi kumng'ata hata mmoja wao.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2003 miguu yake ya nyuma ilianza kulegea. Bwana mifugo alipita, akamshika kiuno, akasema huu ni uzee na hauna sindano. Daraja likawa refu kwake. Mama Gertruda akawa anatuma mchuzi wa usipa kwa mkono wa Mama Hildegardi, na bakuli lilirudi likiwa limelambwa safi. Wiki za mwisho alilala jikoni karibu na Bibi Gaudiosa, wakigawana joto la moto na upande wa blanketi. Kila alasiri, saa yake ya kwenda kazini ilipofika, alinyanyua kichwa akautazama mlango. Mzee Kilian aliacha kumwita, kwa kuwa hakukuwa na haja. Ng'ambo nako wakaacha. Jioni zikawa kimya pande zote mbili, na Mzee Kilian akaona kimya kile hakikaliki.

Marehemu alifariki leo asubuhi, Jumanne tarehe 8 Julai 2003, hapa nyumbani, wakati moto wa uji ukiwashwa. Mzee Kilian alimlaza juu ya gunia jipya la kahawa na akalia, jambo ambalo halihitaji kufichwa. Alipotulia, mkewe akamuuliza, "Na mwenzako nani atamwambia? Niende mimi?" Akasema hapana. Akatoka hadi pembeni mwa uwanja, pale pale anaposimama siku zote. Hapo akakwama. Hakuwa na jina la kuita isipokuwa moja.

"Bernadi! Bernadi!"

Bernadi alikuwa kwenye mashine ya kumenyea kahawa. Anaeleza kwamba aliuachia mpini wa mashine. Kaka yake alikuwa hajamtaja jina kwa miaka minane, na kitu pekee ambacho kingemfanya amtaje ni msiba, na katika nyumba ile alikuwemo mama mzee. Aliitikia, "Naam, kaka," kisha akapiga ukelele, "Mama!" Mama Gertruda akaangua kilio, jirani akakidaka, na jirani wa jirani. Ndiyo maana mko hapa na unga. Hata Bwana Muharami mwenye duka la njia panda, ambaye kwa ajili ya udhu wake hakuwahi kumgusa marehemu, ameleta sukari na kuiacha barazani, na alipoambiwa ukweli hakuirudisha.

Bernadi alivuka daraja mbio, kwa mara ya kwanza. Alipofika uwanjani akamkuta Bibi Gaudiosa amekaa mlangoni pa jiko, mzima, anakunywa uji. Akamtazama mama, akamtazama kaka yake.

"Ni nani basi?"

Mzee Kilian akanyoosha kidole kwenye gunia. "Ni Sema," akasema. Alilitumia jina la ng'ambo, ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake.

Bernadi akakaa chini, akafunua gunia, akaweka mkono juu ya kichwa cha marehemu na kulia kama anavyolia mtu aliyefiwa. Mzee Kilian akakaa kando yake. Watu walikuwa wameshaanza kujaa, na jirani yetu Pankras, ambaye leo ametusamehe na sisi tumemsamehe, akauliza kwa sauti, "Yaani nimeacha kahawa yangu kwenye maji kwa ajili ya mzoga?"

"Tafuta neno lingine, Pankras," akasema Bernadi bila kunyanyua kichwa.

"Au rudi kwenye kahawa yako," akamalizia Mzee Kilian.

Pankras hakurudi. Alikwenda kuleta sururu. Bibi Gaudiosa naye, uji mkononi, akasema maneno ambayo familia imeona yaingie katika wasifu huu: "Mimi nilikuwa nimewatunzia msiba wangu, labda ungewakalisha mkeka mmoja. Sasa huyu kaniwahi."

Kaburi limechimbwa na ndugu hao wawili. Watu walijitolea kuwapokea, wakakataa. Walichimba, mpaka ikasikika sauti ya Bernadi kutoka shimoni, "Kaka, kuna jiwe upande wako."

"Nimeliona. Nipe sururu."

Bibi Gaudiosa, ambaye masikio yake yamepungua, akamvuta Vitalia kanga. "Wamesemaje?"

"Wamesema kuna jiwe, Bibi."

"Na mwenzake kajibu nini?"

"Kasema ameliona."

"Rudia," akasema Bibi. Akarudiwa. Akaomba tena, akarudiwa tena, na kila mara alitikisa kichwa taratibu, machozi yakimtiririka, kama anayesikiliza habari za watu wa nyumbani baada ya safari ndefu. Kisha akafunga macho na kusema kwamba sasa hana swali.

Marehemu ameacha watoto wasiohesabika katika vitongoji vyote viwili, wanafunzi wa darasa la pili la mwaka 1996, ambao sasa ni vijana wakubwa, na akina mama wawili waliomlisha, Hildegardi na Gertruda. Ameacha bibi mmoja wa kugawana naye blanketi. Na ameacha mabwana wawili, ambao wameagiza wasitajwe mmoja mmoja bali kwa pamoja: Kilian na Bernadi, ndugu wa tumbo moja, wana wa Gaudiosa.

Apumzike kwa amani. Kwenda na kurudi darajani, mabwana zake wataanza wenyewe.