Nyumba ya Binti wa Mwisho

Benchi letu liko mbele ya mkahawa wa Hassan, mtaa wa Molenbeek, huku ughaibuni, karibu na mfereji. Jumapili ile ya Mei 2013 tulikuwa wanne, na Papa Nday alikuwa wa kwanza kufika, jambo ambalo si kawaida yake. Saa sita na nusu mchana mwanawe Arnaud angepanda treni ya kwenda uwanja wa ndege kutoka kituo cha Gare du Midi, aende kuishi India na mkewe, Ibanri. Papa Nday alikuwa amekataa kwenda kuwaaga.

Watu wa Ibanri ni Wakhasi, kabila la milima ya Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India. Kwao mtoto huchukua ukoo wa mama, na nyumba ya wazazi humbakia binti wa mwisho; mume wake huhamia humo. Ibanri ndiye wa mwisho kwao, na alikuwa na mimba ya miezi mitano.

— Bajukuu bangu batakuwa batu ya ukoo ingine, alisema Papa Nday. Miye Muluba wa Kamina. Babu zangu huit, nabajua bote na majina.

Akawataja wote wanane, baba wa baba wa baba, akiwahesabu kwa vidole bila kukwama.

Amissi, ambaye tunamwita Ramani kwa sababu aliendesha malori kutoka Bujumbura hadi Dar es Salaam na hakuna nchi asiyoweza kuieleza, alikuwa na jibu tayari.

— Papa, ni mvua hiyo. Milima ile inanyeshewa kuliko karibu pote duniani. Mwanamume akitoka asubuhi, akirudi njia imefutika. Atalala wapi? Ndiyo maana nyumba ikabaki kwa mama.

Aristote, ambaye ni Maître, yaani wakili, kwetu kwa miaka miwili aliyosoma sheria Lubumbashi, alisema hata Bujumbura mvua inanyesha, na Ramani hajawahi kupotea njia ya kurudi kwake, pole kwa mkewe. Kwa maoni yake, wanaume wa milima ile walikaa vitani muda mrefu mno, wanawake wakatunga sheria peke yao.

— Bakarudia, délai, muda ya kukata rufaa, imepita, alisema. Juridiquement, bon, ilikuwa fini.

Ramani akapanda juu zaidi. Wakhasi, alisema, ni warina asali tangu zamani. Waliwatazama nyuki kwa karne nyingi, wakaona mzinga ni wa nani.

— Alors, dume ya nyuki, ikimaliza kazi yake, inaishiaka wapi? aliuliza Maître.

Ramani akamtazama Papa Nday.

— Nyuki tuwaache, alisema.

Hapo akaja Ibanri kutuaga, peke yake. Arnaud alikuwa ametangulia kituoni na masanduku. Alituamkia kwa Kiswahili alichofundishwa na mumewe, akaketi pembeni mwa baba mkwe wake, akafungua kitambaa chenye majani ya tambuu, popoo na chokaa kidogo. Kwao mgeni hukaribishwa hivyo. Hapa wageni hatukuwa sisi, lakini kila mmoja alichukua. Ramani alichukua mara mbili.

Kisha Ibanri akasema kwa Kifaransa, taratibu:

— Papa, mama yangu ataniuliza. Mtoto akizaliwa, anataka kuwataja na mama zake wa zamani wa upande wenu. Mama yako ninamjua. Bibi yako, mama yake, Arnaud amenipa jina. Mama wa bibi huyo aliitwa nani?

Papa Nday alifungua mdomo kwa uhakika uleule wa wale wanane. Halikutoka jina. Alimtazama Maître, Maître alikuwa anatazama mfereji. Nami nilijaribu kuwahesabu kimoyomoyo mama wa kwetu, nikafika kwa bibi, nikakwama hapohapo.

Hassan alitoka na birika, akauliza kama atuongeze.

— Dada yangu wa Likasi atajua, alisema Papa Nday mwishowe.

Akatoa simu, akapiga. Akasimama nayo sikioni, na kwa mkono wa pili akachukua mkoba wa Ibanri.

— Train iko saa ngapi?

— Douze heures trente, papa.

— Twende basi. Atatujibia mu njia.