Vijiko Viwili vya Uji

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu, na poleni na utelezi wa njiani. Mimi ni mama yake Veronika, wa hapa hapa Kinole.

Mjukuu wangu Tadei alizaliwa akihema kwa shida. Morogoro mjini wakampiga picha, tukapelekwa Dar es Salaam. Huko tukaelezwa: sehemu moja ya pafu imejaa hewa isiyotoka, imevimba kama puto, inabana kwingine kote. Lazima apasuliwe kifua. Alikuwa na siku tisa.

Siku ya upasuaji nesi akasema asinyonye tangu alfajiri. Mtoto akalia. Ndugu zangu, mimi nimelea saba, niliona wanamtesa. Veronika alipokwenda kuoga, nikachukua ule uji wake wa mzazi kwenye chupa, nikampa mtoto vijiko viwili. Akanyamaza. Nikajipongeza.

Akaja daktari wa usingizi, binti mdogo tu.

“Shikamoo, bibi. Mtoto amekula chochote?”

“Hajala,” akajibu Veronika, ndiyo kwanza ametoka kuoga.

“Vizuri. Maana dawa ikimlaza, koo nalo linalala. Chakula kinaweza kupanda kikaingia mapafuni, na huyu hana pafu la akiba.”

Nikisema, wataahirisha, na pumzi zinaisha. Nisiposema, je? Manesi walipomnyanyua mtoto nikaomba, Bwana, nifungue kinywa.

“Nimempa uji.”

“Mama!” akasema Veronika.

“Uji gani, bibi?”

“Wa mzazi. Wenye pilipili manga.”

Daktari akafumba macho, kisha akacheka. “Na pilipili juu! Asante kwa kusema, bibi. Tutasubiri tumbo litulie.”

Tulisubiri hadi alasiri, nami namwangalia kifua kikipanda na kushuka, sikuthubutu hata kupepesa macho. Yule daktari alipomchukua akaniambia, “Akilala nitamhemea mimi, pumzi kwa pumzi, mpaka aweze mwenyewe.” Akafanya hivyo. Jioni Tadei akarudi, kifua kimefungwa bandeji, hai.

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika kiburi changu, na yule binti. Ndugu zangu, mtumainini Bwana, na mkiulizwa na daktari, semeni kweli hata kama inaaibisha. Aibu yangu ilipita siku ile ile.

Na huyo anayepiga kelele huko nyuma ndiye yeye. Msimnyamazishe. Mwacheni alie, tusikie mapafu yake.