Mwalimu Tumpe na Alhamisi ya Leteni

Tarehe 30 Juni 2025, Mwalimu Tumpe Mwaisaka atafunga karakana ya useremala ya Kituo cha Ufundi Nguzo Tatu, hapa Ipogolo, na kukabidhi funguo. Atakuwa ametumikia kituo kwa miaka thelathini na mmoja kamili: tisa katika tawi letu la Mbeya na ishirini na miwili hapa Iringa. Amefundisha wanafunzi zaidi ya mia nane na kuongoza idara yake kwa vipindi viwili. Amechelewa kazini mara moja tu, siku ile lori la mbao lilipolala katikati ya barabara kuu, na siku hiyo hata mkuu wa kituo alifika saa nne.

Mwalimu alizaliwa Rungwe mwaka 1965, mtoto wa tatu wa fundi aliyekuwa akitengeneza mabenchi ya kanisa. Aliajiriwa Mbeya Julai 1994, akiwa mwanamke pekee katika karakana. Wanafunzi wa kwanza walimpokea kwa kumwita "mama". Baada ya kumwona akipiga randa mlango mzima asubuhi moja, waliacha wenyewe na kuanza kumwita Mwalimu.

Wengi wanaohudhuria sherehe hii ya kumuaga anapostaafu hawakuwahi kuwa wanafunzi wake. Wanamfahamu kwa sababu ya Alhamisi, na habari za Alhamisi zinaanzia Mbeya kwa kosa ambalo yeye mwenyewe amelisimulia kwa kila mwalimu mpya wa idara yake.

Jirani mmoja wa kituo kule Mbeya, Mzee Aroni, alistaafu kazi ya reli akaamua kujifunza useremala peke yake. Kitu cha kwanza alichotengeneza kilikuwa stuli. Akakileta karakana ili Mwalimu akitazame. Mwalimu alikuwa na miaka thelathini na mmoja, ana jicho kali na anajivunia jicho hilo. Alikuta makosa kumi na moja, akayataja yote kumi na moja kwa mpangilio, na yote yalikuwa ya kweli. Mzee alimshukuru kwa adabu, akasema anakwenda nyumbani mara moja na atarudi kuchukua stuli yake. Hakurudi. Baada ya wiki moja Mwalimu aliibeba akampelekea. Mke wa mzee akaipokea mlangoni na kumweleza kwamba msumeno na randa vimeshagawiwa kwa wajukuu.

Alipohamia Iringa mwaka 2003 alikuja na habari hiyo kichwani. Miaka miwili baadaye alimwomba mkuu wa kituo ruhusa ya kufungua karakana kwa wananchi kila Alhamisi saa tisa alasiri. Bango alilobandika getini lilikuwa na maneno mawili: LETENI MLICHOTENGENEZA. Ndiyo maana mji mzima unaiita siku hiyo Alhamisi ya Leteni.

Na watu walileta. Daftari kubwa ambamo Mwalimu huandika kila kinacholetwa lina vitu elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Kuna mizinga ya nyuki, mabanda ya sungura, vitanda vya deka, gitaa lililotengenezwa kwa dumu la mafuta, na mashine ya kutotolesha vifaranga ambayo ndani yake kulikuwa na joto la kuivisha mayai. Kuna hata jeneza, ambalo aliyelileta alikuwa amelijaribu kwa kulala ndani. Mwalimu alimwambia urefu unatosha ila vishikio viko karibu mno na wabebaji watakanyagana. Mwenye jeneza alivisogeza. Bado yuko mzima, na kwa sasa humo anahifadhi mahindi.

Mwandishi wa mistari hii naye yumo katika daftari, namba 212. Mimi ni mwalimu wa uchomeleaji, lakini nilitaka kumwonyesha mke wangu kwamba mbao pia naziweza, nikatengeneza kabati la vyombo. Nililipeleka Alhamisi nikitarajia sifa. Mwalimu alilizunguka, akasifu milango yake jinsi inavyofunga bila kelele, na sifa hiyo ilikuwa ya haki. Kisha akaniuliza mlango wa jikoni kwangu una upana gani. Sikuwa nimepima. Kabati hilo liko sebuleni kwangu mpaka leo.

Lakini wasifu huu ungekuwa na upungufu kama usingetaja mwaka 2011, na Mwalimu mwenyewe ametutaka tuutaje.

Mwezi wa Machi mwaka huo alifika Siwema Matano, mfanyabiashara wa mchele na viungo pale sokoni mjini. Mama yake alikuwa amepata kiharusi na upande wake wa kushoto ulikuwa haufanyi kazi. Choo cha nyumbani kwao kilikuwa cha kuchuchumaa, na mama hakuweza tena kuchuchumaa. Siwema, ambaye hakuwahi kushika msumeno maishani, alinunua mbao za paini, akaazima vifaa kwa jirani, na kwa jioni nne baada ya kufunga duka akatengeneza kiti chenye tundu katikati na mikono pande zote mbili. Alikileta kikiwa kimefunikwa kwa khanga ili watu wasikione njiani.

Mwalimu alikigeuza juu chini. Kikalio kilikuwa kimepigwa msasa vizuri sana, mpaka kwenye kingo za tundu. Lakini miguu ya nyuma ilishikwa kwa misumari miwili miwili tu, nayo ilipigwa kwenye ncha ya mbao, mahali ambapo msumari haushiki. Hayo aliyaona. Aliona pia vidole vya Siwema vilivyofungwa vitambaa na macho yaliyokosa usingizi. Akamsifu kwa msasa na kwa mikono ya kiti. Kuhusu miguu hakusema neno. Alitueleza baadaye kwamba alimkumbuka Mzee Aroni, akapanga kumwambia Siwema Alhamisi ya pili yake, akishapumzika kidogo.

Alhamisi hiyo Siwema hakuja. Siku mbili baadaye kiti kilifunguka miguu. Mama akaanguka na kuvunjika mkono wa kulia, ule ambao kiharusi kilimwachia.

Habari zilifika kituoni Jumatatu. Hakuna aliyemtaja Mwalimu. Siwema alikuwa akijilaumu mwenyewe, akiwaambia wenzake sokoni kwamba alijitia ufundi asioujua. Mwalimu angeweza kunyamaza na mambo yangeishia hapo. Badala yake aliomba ruhusa ya nusu siku na kuniomba nimpeleke kwa pikipiki hospitali ya Tosamaganga, alikolazwa mama.

Nilisimama karibu na mlango wa wodi. Mwalimu alimwamkia mama mgonjwa, akampa pole, kisha akamgeukia binti yake.

"Siwema, ile miguu ya nyuma niliiona siku ile ile. Nilijua haitashika. Sikukwambia."

Siwema aliuliza kwa nini.

"Nilikuonea huruma, mdogo wangu."

"Basi huruma yako ndiyo hii hapa kitandani," Siwema alisema, kisha akatuomba tuondoke.

Tukaondoka. Kesho yake Mwalimu alimwandikia mkuu wa kituo barua yenye maelezo ya jambo lote, akiomba Alhamisi ifutwe kabisa, kwa sababu aliyekuwa akiiendesha alikuwa ameonyesha kwamba haiwezi. Mkuu aliiweka barua mezani kwake bila kujibu. Kwa wiki tatu bango liligeuzwa getini na karakana ikafungwa saa tisa. Mwalimu aliendelea kufundisha darasani kama kawaida, lakini tuliokula naye mchana tuliona sahani yake ikirudi jikoni na chakula.

Alhamisi ya nne Siwema alikuja. Safari hii kiti kilikuwa mabegani mwake bila khanga, na miguu miwili iliyochomoka ameishika mkononi. Alikuta karakana imefungwa, akakaa kwenye ngazi mpaka Mwalimu alipotoka ofisini.

"Mama karudi nyumbani, na choo ni kile kile," alisema. "Leo uniambie yote, Mwalimu. Usinibakizie."

Mwalimu alifungua mlango, akamwambia yote. Alimweleza kwamba miguu inatakiwa kuchongwa ulimi uingie ndani ya fremu, kwamba mbao aliyonunua ina fundo mahali pabaya, kwamba mikono ya kiti iko juu mno kwa mtu wa kimo cha mama yake, na kwamba mgonjwa huinuka kwa kuegemea upande mmoja, hivyo upande huo lazima uwe na nguvu maradufu. Siwema aliandika kila kitu nyuma ya daftari lake la duka. Aliuliza kwa nini, akajibiwa, akauliza tena.

Kazi ilichukua Alhamisi tatu. Tulioshuhudia tuliona jambo moja. Mwalimu alisimama kando, mikono nyuma, na hakugusa patasi hata mara moja. Siwema alipotaka kumpa, alimjibu kwamba akiondoka hapo anatakiwa aweze kukitengeneza tena bila mtu. Kiti kilipokamilika, Mwalimu alikikalia na kujitikisa huku na huku. Kisha akaniita mimi, niliyekuwa na kilo tisini na nne wakati huo, nifanye vilevile. Kiti hakikulia.

Mama yake Siwema alikitumia kiti hicho kwa miaka saba, hadi alipofariki mwaka 2018. Ile barua mkuu wa kituo alimrudishia Mwalimu mkononi, bila kuandika juu yake kitu chochote. Bango likageuzwa tena.

Tangu hapo Alhamisi imekuwa na utaratibu ambao sisi wengine tumejifunza kwa kutazama. Mwalimu huanza kwa kumuuliza mwenye kitu kitatumiwa na nani, na hukaa kimya mpaka jibu limalizike. Husema kilicho kizuri kama kipo, tena kwa kukionyesha kwa kidole, maana sifa ya jumla haimsaidii mtu. Kinachoweza kumuumiza mtumiaji hukisema siku hiyo hiyo, kwa maneno mepesi na bila kuzunguka. Mengine yote husubiri mpaka aulizwe. Na mara nyingi huulizwa wiki inayofuata, kwa sababu mtu amerudi.

Waliorudi wengine hawakuuacha tena useremala. Tunazo karakana saba, kati ya hapa Ipogolo na Mafinga, zinazoendeshwa na watu walioanza kwa kuleta kitu kimoja Alhamisi. Mwalimu Faustina Kikoti, anayepokea idara, alifika mwaka 2014 akiwa na banda la sungura ambalo sungura walitoka wote njiani. Yeye ndiye atakayefungua mlango Alhamisi ya kwanza ya Julai.

Neno kuhusu zawadi. Wafanyakazi tuliamua kumtengenezea Mwalimu kiti cha kupumzikia kwa mikono yetu. Faustina alifanya mbao, mimi nikafanya vyuma vya chini. Kabla ya kukipaka rangi tulitaka kuwa na uhakika, na katika kituo hiki uhakika unapatikana sehemu moja tu. Hivyo Alhamisi tarehe 5 Juni tulikipanga katikati ya vitu vya watu wengine bila kusema ni cha nani.

Mwalimu aliuliza kitatumiwa na nani. Faustina akajibu kwamba ni cha mama mmoja mtu mzima, magoti yanamsumbua, anahamia kijijini. Mwalimu alikaa, akainuka, akakaa tena. Alisema mgongo wa kiti umekaa vizuri, hasa pale kiunoni, akatuonyesha kwa kiganja. Kisha akainuka mara ya tatu, polepole, ameshika meza.

"Kiko chini mno. Huyo mama kukaa atakaa, ila kuinuka mpaka aite watu. Mkiwekee miguu mipya, mkiongeze sentimita tano." Akachukua kalamu na kuandika kwenye daftari lake. "Na mfanye haraka. Tarehe thelathini nasafiri."

Miguu mipya imewekwa. Kiti kitakabidhiwa leo baada ya chakula, na tunamwomba Mwalimu akikalie mbele yetu sote kabla hajashukuru.

Mwalimu Tumpe, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako na wote walioingia getini wakiwa wamebeba walichotengeneza, ahsante kwa kazi yako, na ahsante kwa kutuambia ukweli siku ile ile. Tunakuombea afya njema, magoti yasiyouma na miaka mingi ya raha nyumbani Rungwe.

Vitus Luhanga
Idara ya Uchomeleaji