Shahidi Mumoja Aliyebaki

Acha kutazamana na dada yako, Symphorien, kama vile akili ya mama imekwisha kuchacha. Kifua njo kimechoka, kichwa hakijachoka, na muntu mwenye pumzi kidogo hawezi kuiharibu kwa kupanga uongo. Umetoka Walikale siku mbili juu ya piki, matope mpaka kwenye masikio, ukitazamia kusikia mama akigawa ng'ombe; neno la kwanza unalosikia ni kwamba mama hakuzaliwa hapa Muheto, hakuzaliwa hata katika inchi hii, na unaona ni afadhali uniite mugonjwa kuliko kuniamini. Amini ao usiamini, lakini kaa. Wewe pia, Uwimbabazi, acha hiyo sufuria, maharagi hayana miguu.

Sikilizeni, wanangu, kwa sababu sitarudia. Nilizaliwa ng'ambo ya mupaka, kwenye kilima ninachokijua kwa jina tu. Nilikuwa na miaka minne nilipovuka, mugongoni mwa shangazi yangu Mukandori, maana mama yangu alibaki njiani, na hiyo sitaisimulia, haina faida kwenu. Tulifika Muheto wakati wa mahindi mabichi. Muntu wa kwanza kutuona alikuwa kijana wa ndevu za kwanza aliyekuwa akinywesha ng'ombe. Akamuonyesha shangazi mahali ambapo maji ya muto hayana nguvu, akamushika mukono mpaka tukafika huku. Kijana yule ni Kabera. Ndiyo, Kabera huyu huyu wa juu ya barabara, ambaye munajua hatusalimiani.

Sasa unauliza: kwa nini baba alisema siku zote kwamba mama ni wa hapa? Baba yenu Sebarenzi alikuwa muntu muzuri mwenye ulimi unaotangulia akili. Mwaka wa themanini na nne walikuja wenye kuhesabu watu, wakaweka meza kwenye baraza ya shule, wakamuuliza, "Muke alizaliwa wapi?" Akajibu, "Hapa hapa, Muheto," bila hata kukohoa. Mimi nilikuwa nyuma yake, Uwimbabazi mugongoni, nikamufinya. Nyumbani nikamuuliza kwa nini amedanganya serikali. Akaniambia, "Marie, muke amenizalia watoto ndani ya nyumba yangu, nikamuite mugeni mbele ya watu?" Wengine wangelia kwa furaha. Mimi nilijua tumejipakia muzigo, kwa maana upendo uko na mahali pake, na meza ya serikali si mahali pake. Tangu siku hiyo karte yangu, kitambulisho cha serikali, inasema Muheto, na kitabu cha ubatizo pale misioni, ambacho padri aliandika akimusikiliza shangazi, kinasema ng'ambo. Vitabu viwili, Joséphine-Marie mumoja.

Ningaliweza kunyamaza. Wengi wamenyamaza na wamekufa vizuri. Lakini munajua shamba la kilimani, lile la maharagi chini na majani ya ng'ombe juu. Lile si la baba yenu. Nililinunua mimi, kwa fromaji za maziwa ya kugandisha, nilizokamua, nilizochuja, nilizogeuza kwenye mbao asubuhi na jioni kwa miaka kumi na tano, mpaka mikono hii ikanuka maziwa hata siku ya Pasaka. Baba yenu alipokufa nikasema nitafute karatasi ya shamba kwa jina langu, kabla shemeji hajaja na kamba ya kupimia. Na hapo nikafanya ujinga wangu: nikabeba karatasi zote mbili, karte na ubatizo, nikifikiri karatasi zikiwa nyingi ukweli unakuwa munene. Bwana wa biro ya ardhi akaziweka pamoja mezani, akaniambia, "Mama, moja kati ya hizi inadanganya." Nikamujibu, "Inayodanganya ni ile ya serikali." Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema, bila kucheka tena, "Basi wewe ni mugeni, Mama, na mugeni hapati karatasi ya shamba kama mwenye inchi. Uombe kwanza uraia."

Nikaomba. Ni miaka kumi na moja sasa. Munafikiri siku zile nilizosema ninaenda kuuza fromaji Masisi, niliuza fromaji? Niliuza, ndiyo, halafu nikaenda kukaa kwenye benchi ya biro ya serikali.

Wazee walisema mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Mimi nimeshika jembe miaka sitini na minne, na bado kijana wa biro, shati limenyooshwa, ananiuliza, "Mama, ulikuja na viza gani?" Nikamujibu, "Nilikuja na shangazi." Hakuandika kitu. Wa pili akataka nionyeshe kwamba sijawahi kuhama. Nikamuambia akaulize mawe ya shamba, yananijua kwa kisigino. Wa tatu akataka barua kwa mukono wangu, nieleze kwamba ninaipenda inchi. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa sita kwa masista, kalamu hainiogopeshi. Nikaandika kwamba nimelima hapa tangu utoto na muntu halimi asichopenda. Akasema barua ni fupi. Nikamuuliza, ile ya kumuomba muke wako akubali kuolewa ilikuwa ndefu kiasi gani? Basi dosie ya maombi yangu ikalala mwaka muzima, na hiyo ninakiri ilikuwa kosa langu. Ikapanda mpaka kwenye muji mukubwa, ikakaa miaka mitatu, ikarudi kwa sababu ukurasa mumoja haukuwa na muhuri. Kufika hapa, biro imeungua kwenye vita, mwenye muhuri amekimbilia Goma, na aliyekuja baada yake anasema muhuri wa yule hautambuliki. Nimeona wakubwa wanne wa biro ile, Symphorien. Wawili nimewazika. Dosie yangu ingali hai kuliko wao.

Usiniambie "pole, Mama." Pole haina muhuri.

Sasa mwezi uliopita nimemukuta pale binti mumoja, anaitwa Naomie, mupole, wa kwanza kunipa kiti kabla ya kuniuliza jina. Akafungua dosie ukurasa kwa ukurasa, akaniambia, "Mama, hapa vyote viko. Kumebaki kitu kimoja: shahidi wa macho, aliyekuona ukifika. Si aliyesikia, aliyeona. Umulete kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi ujao kuisha, siku hiyo njo tunafunga liste." Ijumaa hiyo ni kesho. Nikarudi nikiwahesabu kwenye vidole. Shangazi, amekufa. Muzee wa kilima aliyetupa mahali pa kulala, amekufa. Muke wake, amekufa. Katika Muheto yote limebaki jicho moja lililoniona nikivuka muto, na jicho hilo ni la Kabera.

Hamujui kisa chetu. Muliona tu kwamba hatusalimiani. Mwaka mumoja, baba yenu angali hai, ng'ombe wake waliingia katika maharagi yangu mara mbili, nikanyamaza. Mara ya tatu wakamaliza mustari wote wa chini, tena yalikuwa yamekwisha kutoa maua. Kabera akaja mwenyewe, kibuyu cha maziwa mukononi, kama watu wenye ng'ombe wanavyofanya: muntu hakulipi kwa maneno, anakuletea maziwa, unakunywa, na neno limekwisha. Nikakipokea kwa mikono miwili. Halafu nikayamwaga yote chini, mbele ya miguu yake.

Unainamisha kichwa, Uwimbabazi. Wewe umeolewa kwa watu wa ng'ombe, unajua. Symphorien amekaa sana musituni, nimuelezee: kumumwagia muntu maziwa yake mbele ya macho yake ni kumuambia ng'ombe wako wafe. Sikuwa na nia ya kulaani. Nilikuwa na hasira ya maharagi. Lakini nia haionekani, maziwa njo yanaonekana. Mwaka ule ule ugonjwa ukapita, ng'ombe wakaanguka kilima chote, hata kwetu wakafa wawili. Ila wake walikuwa kumi na mmoja, na katika kichwa chake wote kumi na mmoja wana jina langu. Maji yakimwagika hayazoleki, seuze maziwa. Baba yenu alipokufa, Kabera alikuja kwenye matanga, akakaa na wanaume, hakugusa hata maji, akaondoka. Alikuja kwa ajili ya marehemu. Kwangu hakuja.

Jumatatu nikamutuma Séraphin katekista. Nikafikiri, Kabera ni Mukristo, ataona haya mbele ya Kanisa. Séraphin akarudi na jibu hili: "Mwambie Marie nilimuona akifika. Nakumbuka hata kitambaa walichomufungia. Nitasema mbele ya biro yoyote. Lakini mudomo wangu hauchukuliwi na katekista. Aje yeye, kwa miguu yake, aseme mbele ya watoto wangu alichonifanyia." Siku tatu nimekaa na hasira, sikula. Nikasema, mimi, muke wa Sebarenzi, nikapige magoti kwa Kabera, kwa ajili ya karatasi ambayo labda itafika nikiwa nimekwisha kuoza?

Na wewe, Symphorien, unaninongonezea kuna muntu Goma, anatengeneza ataste, karatasi ya kuzaliwa Muheto, kwa siku moja, muhuri na yote. Sikia vizuri. Kitabu cha ubatizo kingali pale misioni. Siku muntu mwenye nguvu atakapolitamani shamba lile, na atakuja, hataleta bunduki, atafungua kitabu kile. Mimi nitakuwa chini ya ardhi, na ninyi mutasimama mbele ya jaji mukiwa watoto wa mwongo mara mbili. Njia ya mwongo ni fupi. Ya baba yenu ilifika mpaka kwangu tu, musiirefushe.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Shamba: karatasi ikipatikana, upande wa maharagi na upande wa majani, vyote viwili ni vya Uwimbabazi. Usikunje uso, Symphorien. Wewe unauza kila kitu kisicholia. Wewe chukua ng'ombe Bihogo na ndama wake, vile vinalia, labda utavionea huruma. Mbao za fromaji na vitambaa vya kuchujia ni vya dada yako. Karatasi isipopatikana, musikimbie, musipigane, musinunue muhuri. Mulime kila mwaka bila kuacha hata mustari mumoja, na dosie iendelee. Iko katika kifuko cha plastiki ndani ya gunia la mbegu. Kurasa ni arobaini na mbili. Muzihesabu kila mukiitoa biro. Watoto wa Kabera muwasalimie kuanzia leo, hata wasipojibu. Kisa hiki ni changu, sikigawi.

Mutanizika hapa, kando ya baba yenu. Na kwenye musalaba musiandike nilizaliwa wapi. Nimechoka na ulizo hilo.

Mungu awape mavuno na akili ya kuyalinda. Awape ng'ombe wasioingia kwa jirani, na ndimi zinazongoja. Muzae. Mupendane hata mukikasirikana, hiyo njo ngumu. Mimi nimewapenda, sikusema sana kwa sababu nilikuwa na kazi.

Fimbo iko wapi? Hapana, Symphorien, hapana piki, Kabera amesema kwa miguu. Ninajua ni mulima. Nitapumzika... nitapumzika mara nne, kwenye jiwe, kwenye mugomba, mahali pengine nitaona. Mutaka cha mvunguni sharti ainame. Sikujua tu kwamba nitainama nikiwa muzito hivi. Si kwa karatasi peke yake, musifikiri. Wale kumi na mmoja... muntu hawezi kufa na ng'ombe wa muntu mwingine juu ya kifua. Akikataa, amekataa, lakini nitakuwa nimesema. Nikipiga magoti nisiweze kuinuka, yeye njo atanishika mukono.

Musinifuate. Amesema mbele ya watoto wake, hakusema wangu. Mubaki ndani, mumalize maharagi yenu. Mulango ninaufunga mwenyewe.