Behewa la Zagreb

Nilikuwa napaka siagi kwenye mkate, kama kila asubuhi nikienda kazini, kondakta alipotangaza kwamba treni itakatwa mara mbili katika kituo kinachofuata, Villach: mabehewa ya mbele yaende Venisi, haya yetu Zagreb.

Mwanafunzi aliyekaa mbele yangu akaruka. "Femke! Tumepanda behewa silo! Inuka, twende mbele!"

Mwenzake hakuinuka. "Nenda, Joris."

"Acha utani bwana, tunafika!" Alikwisha kubeba mabegi yote mawili, lake mgongoni, la msichana kifuani. Mimi nilisahau kutafuna.

Treni ikasimama. Femke akalivuta begi lake taratibu.

"Hatukukosea. Behewa nililichagua mimi. Tangu Amsterdam unanichagulia miji, hosteli, hata supu. Nataka kusafiri bila wewe, Joris."