Shimo Analokwenda Kulitazama Silvana

Benchi la mzee Bashiri liko Majengo, ubavuni mwa duka la ushirika, na mwezi wa saba watu hulikalia kwa kubanana, si kwa upendo bali kwa sababu upepo wa Ufipa hauna adabu. Unaingia kwenye mikono ya makoti ya mtumba ya kafa ulaya na kutokea shingoni. Jumatano hiyo, jua likianza kuinama, walikuwapo wale wanaokuwapo siku zote. Huseni, balozi wa nyumba kumi, ambaye hata mkewe alimwita Balozi. Kornel, aliyewahi kuhudhuria semina ya chama huko Mbeya na tangu hapo akawa kila ubishi anaumalizia kwenye Azimio la Arusha, basi wakamwita Azimio. Selemani Breki, dereva wa lori la samaki wa Kipili, aliyepewa jina hilo kwa kukosa kitu chenyewe. Na Adriano, fundi cherehani, mtu wa maneno machache, ambaye siku hiyo alikuwa na machache zaidi. Mzee Bashiri alimimina kahawa bila kuulizwa.

— Ndugu Adriano, umefiwa? aliuliza Balozi.

— Hapana.

— Basi umeibiwa.

— Silvana amerudi.

Wote walifurahi. Silvana alikuwa binti wa Adriano kwa kuzaliwa na wa mtaa mzima kwa kujisifia. Tangu achaguliwe kwenda Chuo Kikuu, hakuna mgeni aliyekaa kwenye benchi lile akaondoka bila kuambiwa.

— Amemaliza udaktari? aliuliza Selemani.

— Hakusomea udaktari. Amesomea fizikia.

— Ya kifua hiyo?

— Ya mbinguni.

— Mambo ya mbinguni ni ya padri, alisema Kornel.

— Amepata nafasi ya kwenda Uholanzi kuendelea na masomo. Miaka minne. Anataka baraka yangu.

— Anakwenda kusomea nini huko? aliuliza Balozi.

Adriano alitazama kikombe chake.

— Shimo, alisema.



— Mashimo tunayo, alisema Balozi. Barabara ya Laela peke yake inatosha chuo kizima.

— Si la barabarani. Liko juu.

Adriano aliweka kikombe chini. Mchana, wakila, Silvana alimweleza yote kwa Kifipa, na kwa Kifipa jambo lile lilikaa vizuri kichwani. Kulivusha liingie Kiswahili, mbele ya Azimio, ilikuwa kazi nyingine.

— Mnaujua ule ukanda mweupe unaokatiza angani usiku wa kiangazi. Zile ni nyota, nyingi mno, na sisi tumo ndani yake. Kundi kama hilo wanaliita galaksi, na yako mengine yasiyo na idadi. Sasa katikati ya galaksi kubwa wataalamu wanashuku kuna shimo jeusi, zito kuliko majua milioni. Kikilikaribia kitu, hewa, vumbi, hata nyota nzima, linakimeza. Mwanga wenyewe ukiingia hautoki.

— Mchimba kisima huingia mwenyewe, alisema Selemani.

— Kwani nani kalichimba? aliuliza Balozi.

— Hatumwoni. Ndiyo ujue yumo.

— Ngojeni, alisema Adriano. Kumeza si hoja. Hoja ni kwamba linatema.

— Umesema hata mwanga hautoki, alisema Kornel. Chagua moja.

— Kilichovuka mdomo hakitoki. Kinachotemwa ni kile kilichofika mlangoni, kikazunguka, kikasuguana na wenzake, kikapata moto usio na mfano, kikarushwa kabla hakijaingia. Kinatoka kama michirizi miwili, mmoja juu, mmoja chini, kila mmoja unakwenda mbali kuliko galaksi yenyewe. Na ubavuni unavuma upepo.

Alitegemea wacheke. Badala yake Balozi alitikisa kichwa polepole.

— Hilo nimeliona kwa macho yangu. Hapa hapa. Siku ilipokuja sukari.

Wakageuka kutazama mlango wa duka la ushirika. Ulikuwa umefungwa.

— Mlango mmoja, watu mji mzima, aliendelea Balozi. Wa nyuma wanasukuma, wa mbele wanazunguka hawajui waendako. Walioingia, hatujaionja sukari yao mpaka leo. Lakini waliokosa mlango walirushwa kushoto na kulia, wakaangukia meza za akina mama wa mchicha, ambao hata kwenye foleni hawakuwamo.

— Ndivyo, alisema Adriano, na alijishangaa kwa jinsi moyo ulivyomchangamka. Ndivyo alivyosema Silvana. Kwenye galaksi kuna hewa baridi imetulia, inajikusanya taratibu, mwisho inazaa nyota. Sasa ile michirizi na ule upepo vikiipiga hewa hiyo, vinaipasha moto, vinaifukuza. Ikiisha, nyota mpya hazizaliwi tena. Zilizopo zinazeeka tu.

— Na akina mama hawakurudi, alisema Balozi. Tazama. Pale mbele ya duka hapazaliwi hata fungu la nyanya.

— Walikwenda wapi? aliuliza Selemani.

— Nitajuaje?

— Mimi najua, napita na lori. Walisukumwa wakabanana kona ya stendi, na sasa pale ni soko. Kuna mpaka wa dagaa. Kabla ya sukari palikuwa na majani na mbuzi mmoja. Kwa hiyo hicho kishindo kinazaa.

— Kinaua.

— Kinazaa. Sema tu hakizalii ulipo wewe.

— Hata wataalamu wanabishana hivyo hivyo, alisema Adriano. Wengine wanafikiri kinaua, wengine wanafikiri kikiibana hewa mahali kinazaa. Hawajui bado. Ndiyo kazi anayoitiwa.

Kornel alisafisha koo kama mtu anayesimama mkutanoni, ingawa hakusimama, maana angepoteza nafasi yake kwenye benchi.

— Mnazunguka bure. Mtu anakaa katikati. Hafanyi kazi. Vyote vinamwendea yeye. Akitoa kitu, kinakwenda nje, majirani hawapati hata makombo. Huyo jina lake hatulijui?

— Mnyonyaji, alisema Balozi, kwa mazoea.

— Kupe. Na dawa yake ni kutaifishwa.

— Shimo?

— Azimio halikusema isipokuwa mashimo.

— Na baada ya kulitaifisha utaliweka chini ya nani? aliuliza Selemani.

Kornel alifikiri kwa dhati.

— Litaundiwa shirika. Makao makuu Dodoma.

— Mimi naona kosa ni la nyota zenyewe, alisema Balozi. Zimekaa ovyo, hii hapa, ile kule, kila moja na shamba lake. Zingehamishwa zikapangwa mstari kandokando ya njia, kila kumi na balozi wake, shimo lingeanzia wapi?

— Nani atazihamisha? aliuliza Kornel.

Balozi alimtazama Selemani.

— Lori langu halina breki, alisema Selemani.

— Kwenda juu hakuhitaji breki.

Selemani aliona hoja ina nguvu, akabadilisha mazungumzo.

— Ndugu Adriano, na hii galaksi yetu, tuna letu?

— Wanashuku lipo. Silvana anasema limetulia, halili sana.

— Limetulia, alirudia Selemani. Upepo ukapita, wakajikunyata wote pamoja, naye akauliza: Na huu unatoka wapi?

Balozi aliinua kola ya koti lake.

— Dagaa wa Kipili mwaka huu wamehamia upande wa Zaire, Selemani aliendelea. Nani kawasukuma? Maharagwe ya Balozi yamenyauka. Ya nani hayo mambo? Lisemwalo lipo.

— Maharagwe yangu yaliliwa na mbuzi.

— Na mbuzi kasukumwa na nini?

Mzee Bashiri alimwambia Selemani anywe kahawa ingali ya moto. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa amefika na kifurushi chake, akawasalimu shikamooni, akaomba kukaa ncha ya benchi hadi basi la Laela litakapojaa. Alisema anaitwa Bertilla. Walisogea, ingawa hapakuwa na pa kusogea, na mzee akammiminia kahawa.

— Tuache utani, alisema Balozi. Umemjibu nini mtoto?

— Nimemwambia nitafikiri. Nikachukua kofia nikaja hapa.

— Vizuri, alisema Kornel. Sasa fikiri hivi. Taifa limemsomesha. Vijiji vinachimba visima, havipati maji. Yeye anataka kwenda kutazama shimo ambalo hata likipatikana halina maji. Arudi afundishe. Matai sekondari wanalia hawana mwalimu wa hesabu.

— Na atakuwa na umri gani akirudi? aliuliza Balozi. Nani atamwoa?

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Selemani. Mzuie sasa.

Adriano aliwasikiliza. Hakuna alichosikia ambacho hakuwa amejiambia mwenyewe njiani. Tangu mkewe Albina afariki nyumba ilikuwa imepanuka. Watoto wake wa kiume walivua samaki Kipili na walikuja Pasaka, si kila Pasaka. Silvana alikuwa akirudi likizo, na kwa wiki hizo chache cherehani lilikuwa na mtu wa kulisemesha. Uholanzi hakuna likizo ya kurudi.

— Nyie hamjui ilivyoanza, alisema. Ilianza kwa baba yangu.

Akawaeleza, kwa ajili ya mzee Bashiri ambaye ukoo wake ulitoka Ujiji na mambo ya Wafipa aliyajua kwa kusikia. Baba yake alikuwa mfua chuma. Kijijini kwao lilibaki ilungu, lile tanuru la udongo refu kuliko watu wawili waliopandana mabegani, ambalo wazee walilijaza mawe ya chuma na makaa na kuliacha livute upepo lenyewe kwa matundu ya chini. Lilikuwa limekwisha kuzimika miaka mingi. Silvana, akiwa mdogo, alipelekwa kumsalimu babu, akalizunguka lile tanuru siku nzima.

— Akamwuliza, babu, mbona hapa hakuna miti? Baba akamwambia, ilungu liliila yote, kwa makaa. Akauliza tena, sasa mbona ulezi unastawi hapa kuliko kwingine? Baba akacheka. Akamwambia, sijui, mjukuu wangu. Katazame.

— Mtoto hujibiwa hivyo? alisema Balozi.

— Ndivyo alivyojibiwa. Na leo mchana, sahani ikiwa mbele yangu, ananiambia, baba, ni ilungu lile lile, ila kubwa.

Kornel alitaka kusema kitu kuhusu viwanda vidogo vidogo, akaghairi. Selemani alipulizia kahawa iliyokwisha kupoa. Kwa mara ya kwanza alasiri hiyo walimtazama Adriano kama mtu aliyekuja na jambo lake, si kama mtu aliyeleta habari.

— Shimo la ulimi mkono haulifutiki, alisema Selemani, kwa upole, na hakuna aliyemwuliza maana yake.

Bertilla alirudisha kikombe kwa mzee Bashiri na kujifunga khanga upya.

— Samahanini, kaka zangu, alisema. Huyo binti anaondoka lini?

Balozi alimtazama Kornel. Kornel alimtazama Selemani. Wote watatu wakamgeukia Adriano.

Adriano alifungua mdomo. Alilijua shimo lina uzito gani, alijua kinachomezwa na kinachotemwa, michirizi inafika wapi. Alirudi kichwani hadi mezani, hadi sahani, hadi uso wa binti yake akieleza kwa mikono miwili, mmoja juu, mmoja chini. Akajiona anainuka na kofia yake, na Silvana bado mdomo wazi, hajamaliza.

— Sijui, alisema.

— Hukumwuliza? alisema Bertilla.

— Sikumwuliza.

Mzee Bashiri aliinamisha birika. Hakikutoka kitu isipokuwa masimbi, yale machicha ya kahawa. Adriano aliinuka, na nafasi yake kwenye benchi ikazibwa na upepo kabla watu hawajaiziba.

Alimkuta Silvana uani amekalia kigoda, anapukuchua maharagwe, ametandika gunia. Hakuinua uso haraka, kama anayeogopa kusoma jibu.

— Unaondoka lini? aliuliza Adriano, kwa Kifipa.

— Ijumaa, baba. Basi la Tunduma, kisha treni. Ukiniruhusu.

Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Adriano alisimama akiwa ameshika kofia. Alivuta kigoda kingine, akaketi upande wa pili wa gunia, akachukua ganda la maharagwe, akalipasua.

— Hicho kishindo cha lile shimo, alisema. Kinaua nyota au kinazaa?

— Hatujui, baba. Hakuna anayejua.

— Pale kijiweni wameshaamua.

— Wameamuaje?

— Vibaya, nafikiri.

Silvana alicheka, halafu macho yakamjaa maji, akayafuta kwa mgongo wa mkono kwa sababu vidole vilikuwa na vumbi la maharagwe. Adriano aliendelea kupukuchua. Hakuwa stadi; mengine yalirukia nje ya gunia, na kuku wakayafuata.

— Ijumaa nitakusindikiza, alisema.

— Hadi stendi?

— Hadi Tunduma. Njiani utanieleza taratibu. Leo niliondoka katikati.

— Nianzie wapi?

— Pale kwenye hewa baridi, alisema Adriano. Ile iliyotulia.

Silvana akaanza.