Kiti Kilichoamkiwa kwa Wiki Nane

Mgeni rasmi, mkufunzi wetu kutoka chuoni. Mwalimu mkuu wa shule hii. Walimu wenyeji mliotuazima chaki. Na nyinyi watoto mnaochungulia dirishani ingawa mmekatazwa: tunawasalimu nyote.

KARIBU

Sisi walimu wanafunzi wanane tuna furaha kubwa kukuona. Furaha hii si ya mdomoni. Kwa wiki nane za mazoezi ya kufundisha tumekuwa tukikusikia tu, na leo tumethibitisha kwamba una miguu, na kwamba inaweza kuvuka kizingiti cha ofisi ya mwalimu mkuu.

HISTORIA FUPI

Tulifika hapa na maandalio ya masomo yaliyopigwa mistari kwa rula. Ulikuwa umetuagiza tuweke kiti nyuma ya kila darasa, cha mkufunzi atakayekuja kututazama, na tuwafundishe watoto kumwamkia. Tukaweka. Watoto wa darasa la tatu walishika somo hilo vizuri mno. Kila asubuhi walisimama, wakageuka nyuma, wakakiambia kiti kitupu, "Shikamoo, mgeni!" Wiki ya pili mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona haitikii? Amenuna?" Tukamwambia mgeni anaandika.

Wiki ya tatu ulikuja kweli. Uliingia ofisini saa nne, ukaletewa chai na mafaili yetu. Tukamuuliza mwalimu mkuu kwa woga, "Ataanzia darasa lipi?" Akajibu, "Ameshamaliza. Kaeni kwa amani." Kabla kengele ya mapumziko haijalia ulikuwa umekagua walimu wanane katika madarasa manane, kwa birika moja la chai.

MAFANIKIO

Ni mengi, na mengine tunaona haya kuyataja. Saba kati yetu tumefaulu. Chuo kinataka tafakuri, yaani mwalimu aandike baada ya kila kipindi nini kilikwenda sawa na nini kiliharibika, na sisi tafakuri tunazo. Za wiki zote nane tuliziandika Jumapili ya kwanza baada ya chakula cha mchana, tumeizunguka meza moja, tukibadilishana kalamu ili zionekane za siku tofauti. Sentensi ilikuwa moja: "Somo limeeleweka, wanafunzi wamefurahi." Ukazisahihisha zote, hata za wiki tano ambazo zilikuwa bado hazijafika.

Anayesoma risala hii ndiye aliyeongoza, kwa somo la hesabu za sehemu la wiki ya sita, uliloliandikia "Safi sana" wiki ya tatu. Wiki ya sita ilipofika, darasa lake zima lilikuwa uwanjani likichanjwa. Kitu pekee watoto walichojifunza siku hiyo ni kukimbia.

CHANGAMOTO

Ni moja tu, nayo imekaa pale mwisho wa mstari. Hakujua kwamba tutasoma haya, mwone anavyoinama. Watoto wanamwita Mwalimu Kesho, kwa sababu darasa lisipoelewa husema, "Sawa, tutarudia kesho," na ikifika hurudia kweli.

Jumapili ile alikataa kukaa nasi mezani. "Sijafundisha bado, nitaandika nini?" Tulimcheka sana. Ulipokuja, faili lake lilikuwa na tafakuri za wiki mbili tu, na ya mwisho inasema hivi: "Kutoa kwa kukopa kwenye makumi. Walioelewa ni kumi na mmoja kati ya hamsini na wanne. Nilikimbia mno. Kesho nitarudia kwa vijiti."

Chini yake ukaandika kwa wino mwekundu: "Malengo hayakufikiwa. Amefeli. Arudie mwaka."

Mgeni rasmi, alirudia kwa vijiti siku tatu mfululizo. Leo wasiojua kutoa katika darasa lake wamebaki wawili, na anawajua kwa majina. Sisi tuliofaulu hatujui wa kwetu ni wangapi. Tunaona aibu, na tunaisema mbele ya watu.

MAOMBI

Hatuombi vitabu wala madawati. Hayo wenyeji wetu watamwomba mgeni mwingine. Tunaomba dakika arobaini. Darasa la tatu liko nyuma ya ukuta huu, Mwalimu Kesho ana kipindi kengele ikilia, na kiti chako tumekifuta vumbi. Kaa, umtazame. Ukiona bado anastahili kufeli, tutanyamaza.

Kama huna nafasi, basi tuandikie na sisi saba kama ulivyomwandikia yeye, kwa wino ule ule. Mafaili yetu yako hapo mezani, karibu na birika.

Watoto nao wana swali. Tulipowaambia kwamba leo huenda ukaingia, yule aliyedhani mgeni amenuna akauliza, "Na huyu naye tumwamkie tu, au tusubiri aitikie?" Tumemwambia asubiri.

Mungu akupe afya njema, chai isiyopoa, na macho yanayoona zaidi ya meza.

Ni sisi walimu wanafunzi wako: saba tuliofaulu kabla ya kufundisha, na mmoja aliyefelishwa kwa kufundisha.